Mwanafunzi Asiyeweza Kunikatalia

Buffalo, Jumanne. Theluji imeacha kuanguka lakini upepo wa ziwani haujatulia, na anga limekuwa la kijivu tangu juzi.

Ninawaomba radhi ninyi mnaoufungua ukurasa huu na kuukuta vilevile tangu kabla ya Krismasi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na habari njema, nikataka kuiandika ikiwa imekamilika. Sasa ninaiandika ikiwa imeharibika.

Kwa wasionijua: kila Jumamosi ninafundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani Riverside. Kazi hii nilipewa miaka minne iliyopita na kanisa letu mama lililoko Louisville, kanisa la Wakongo wenzangu. Walinituma kama mmisionari, na waliniwekea mikono, ingawa safari yangu ya kimisionari ni ya dakika kumi kwa miguu. Wanafunzi wangu kumi na wawili ni wakimbizi kutoka Burma, na wote ni Wabuddha.

Nilifundisha Kiingereza kambini Kigoma kwa miaka mingi, nikadhani nimekwisha kuona kila aina ya mwanafunzi. Hawa sikuwa nimewaona. Hawaketi kabla sijaketi. Hawapiti mbele yangu bila kuinama. Wananiita Saya, neno la kwao la mwalimu, na wanapolitamka hushusha macho.

Katika miaka minne hakubatizwa hata mmoja.

Wazee wa Louisville wakaanza kuuliza, kwanza kwa upole, darasa hili lipo kwa ajili ya nini. Mwaka jana hawakuuliza tena kwa upole. Nilijua kwamba mwaka mwingine ukipita hivi, ukumbi utafungwa, na wanafunzi wangu, ambao wengi bado wanasubiri mahojiano ya uraia wa Marekani, watabaki bila mwalimu.

Mwezi Desemba, Daw Nyunt alifaulu mahojiano yake. Daw kwao ni kama sisi tunavyomwita mwanamke mzima Mama. Ana miaka sitini na mitatu, anafungasha mboga kiwandani, na alikuja darasani mara nyingi akiwa bado na kofia ya kazi kichwani. Jumamosi iliyofuata alileta mfuko wa machungwa na shati jipya, akaviweka miguuni pangu, akapiga magoti, akainama mara tatu mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Mimi nililelewa kuamini kwamba binadamu hasujudiwi. Nilimwinua kwa mikono miwili, nikamwambia amshukuru Mungu, si mimi. Na hapo hapo, machozi yakiwa bado usoni mwake, nikamwuliza kama yuko tayari kubatizwa.

"Ndiyo, Saya," alisema.

Nilimpigia simu Mchungaji wetu wa Louisville kabla sijafika nyumbani. Jumapili ile jina langu lilitajwa madhabahuni Louisville. Walinitumia video, nami niliitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Wakapanga kuja basi zima kushuhudia ubatizo, wakipitia Columbus kuichukua kwaya. Akina mama wa Columbus wakaamua kumshonea kanzu nyeupe. Walihitaji vipimo tu.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyonipeleka nyumbani kwake Ijumaa iliyopita. Nilikwenda na mke wangu, kwa kuwa haifai mimi kumpima mwanamke. Alitufungulia Thida, binti yake, anayefanya kazi katika ghala na kusema Kiingereza chepesi kuliko changu. Sebuleni kulikuwa na rafu tupu iliyopigiliwa juu ukutani. Chini yake, sakafuni, palikuwa na sanduku la karatasi, na ndani ya sanduku sanamu ya Buddha iliyofungwa katika kitambaa cha buluu. Mke wangu alipomaliza kupima, Daw Nyunt akaingia jikoni kuandaa chai. Thida akasema kwa sauti ya chini:

"Baba alitoka nayo kijijini. Alipofariki kambini Thailand, mama akaibeba. Jumamosi ya wiki ijayo ninaipeleka kwa watawa."

"Nani amesema iondoke?"

"Wewe, Saya. Ulifundisha kwamba Mungu wenu hakai nyumba moja na mwingine."

Nilikuwa nimefundisha hivyo. Nikajitetea kwamba mama yake mwenyewe alikubali.

"Kwetu mwalimu anaheshimiwa pamoja na Buddha na wazazi. Ungemwambia aruke dirishani, angeuliza tu dirisha lipi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Analia akiwa anaosha vyombo. Wewe hutamwona akilia."

Daw Nyunt alileta chai na saladi yao ya majani ya chai, akatuandalia kwa mikono yote miwili. Nilimwuliza kama ana hakika kwamba anautaka ubatizo.

"Ndiyo, Saya."

Nikamwambia kwamba asipotaka, mimi sitakasirika, na darasani atabaki mwanafunzi wangu kama zamani. Je, angependa tuache?

"Ndiyo, Saya," alisema kwa tabasamu lile lile, akaniongezea chai.

Nikainywa, kwa sababu sikuwa na swali la tatu.

Kwenye ngazi mke wangu hakunisubiri tufike nje. Yeye husema Kiswahili cha kwetu Kivu na hajawahi kuniogopa.

"Baba Esta, ule mama hataki."

"Amesema ndiyo."

"Na weye, Pasta akikuitaka, unasemaka nini?"

Tulitembea mpaka kwenye kona, na hapo simu ikalia. Alikuwa Mchungaji, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Mwalimu, bon, basi la kutuleta tumeshapata. Watu wako na furaha sana huku. Donc, vipimo uko navyo?"

"Ndiyo, Mchungaji," nilisema. Nikavua glavu, nikatoa karatasi mfukoni, nikamsomea kifua, kiuno na urefu, mke wangu akinitazama.

Ninayaandika haya bila kujipamba. Sikudanganywa na mtu. Nilimkuta mwanamke katika saa ya shukrani, wakati ambapo asingeweza kuninyima chochote, nikamwomba kitu kikubwa kuliko vyote. Kisha ile ndiyo yake nikaiita imani.

Nimesali siku nne. Kila ninapofumba macho ninaiona ile rafu. Ninaamini ninachokiamini, na sitilii shaka kwamba Kristo ni njia. Lakini njia hiyo mtu huingia kwa miguu yake, na Daw Nyunt nimemsukuma. Nikimzamisha majini Jumapili, atatoka akiwa na kanzu nyeupe, atanishukuru, atarudi nyumbani kwenye rafu tupu. Wote wataimba. Mimi nitajua.

Nikimwambia Mchungaji kweli, ninajua pia kitakachofuata. Wazee watauliza ni nani mwingine aliye tayari, nami sina mwingine. Kumi na moja waliobaki hawana kosa lolote. Mmoja wao ana mahojiano mwezi ujao, na bado anatetemeka akiulizwa jina lake.

Tena kuna jambo dogo ambalo ninaona aibu kuliandika: nilikuwa na hamu ya kumleta mtu mmoja kwa Kristo kabla sijafa. Mmoja tu.

Yeye siwezi kumwuliza tena, maana lolote nitakalouliza atalikubali. Kwa hiyo neno "hapana" limebaki kwangu, na ni neno ambalo sijawahi kumwambia mchungaji yeyote tangu nilipokuwa kijana. Leo asubuhi nimeishika simu mara mbili, nikaiweka mezani.

Basi linaondoka Louisville Jumamosi alfajiri, na siku hiyo hiyo Thida atalichukua lile sanduku. Nitarudi hapa nitakapokuwa nimeamua na kusema. Ikiwa nitapiga simu basi likiwa limekwisha kuingia barabarani, nitaliandika hilo pia, na saa yake.