Kumuaga Zuhura

Jumatatu, 11 Septemba

Nimechoka. Kiuno, macho, mpaka nywele. Leo tumeanza wiki ya pili ya kumzoesha mwanangu Zuhura kwenye kituo cha kulelea watoto. Hapa Leipzig hairuhusiwi kumkabidhi mtoto mlangoni ukaenda zako. Mama anakaa chumbani na watoto, siku baada ya siku, mpaka mwanawe amkubali mlezi. Na kukaa kwenyewe—usisome, usishike simu, usicheze nao. "Wewe uwe kama kabati tu," aliniambia Heike, mlezi wake. Mwanamke mwema, sauti ya chini, haharakishwi na mtu.

Leo kabati limesinzia. Nimeamshwa na baba Oskar, naye anamzoesha wake. "Mama Zuhura, unakoroma. Watoto wanadhani treni inapita." Yeye yuko wiki ya tano! Anasema akimaliza atadai mshahara.

Jioni kapiga simu Bi Kretzschmar wa shule ya watu wazima. Darasa langu la Kiswahili linafunguliwa Jumatatu ya tarehe 25, asubuhi. Nitaweza? Nikasema nitaweza. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Tangu nijifungue sijasimama mbele ya ubao. Kutwa nzima naongea na mtu asiyejua hata kujifuta pua. Nalitaka lile darasa mpaka linaniuma.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimetolewa nje kwa mara ya kwanza. Sharti umuage mtoto, macho kwa macho, kwa maneno. Nikamwambia mama anatoka, atarudi. Weee! Kilio kile kilifika mpaka kituo cha tramu. Nikaitwa hata zipu ya koti sijafunga.

Mama mkwe kaja na keki ya boga, kaanza yake. Enzi zao waliwaacha watoto mlangoni wakaenda kiwandani. "Mtazame Torsten, si mzima?"

Mume wangu, keki imejaa mdomoni: "Mzima, mama. Ila mpaka leo silali bila taa."

Wamecheka. Mimi nimecheka kidogo.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimeharibu.

Zuhura alikuwa kwenye beseni la maji, anamimina, amenipa mgongo. Heike alikuwa akimvisha mtoto mwingine. Nikajiambia—sasa. Nikanyata na soksi, viatu mkononi, nikatoka. Kwetu Tanga sote tumelelewa hivyo. Mtoto akigeuka, mama keshatoweka. Nani anamuaga mtoto wa miaka miwili? Unamliza bure.

Nikaenda duka la mikate, nikanywa kahawa nimesimama. Ya moto! Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Niliporudi hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha. Amekaa sakafuni mbele ya mlango, gauni limelowa, hataki kubadilishwa, hataki kuguswa. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Heike hakupaza sauti. "Umemtoroka."

"Nimemwacha anacheza."

"Umemtoroka, mama Zuhura. Sasa hatacheza tena. Atakuwa anakulinda usitoroke tena."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyofanya, na watoto wanakua, wengine ni marubani.

"Kwenu ukitoka anabaki na nani?"

"Na bibi yake. Na shangazi zake. Na majirani."

"Na hapa?"

Nikainama kuchukua viatu vya Zuhura.

"Anabaki na mimi," akasema. "Na mimi bado hanijui. Tunaanza upya."

Njia nzima nilimbeba. Anaweza kutembea, lakini nilimbeba.

Jumatano, 20 Septemba

Ananifuata chooni. Ananifuata kutupa taka. Nikiinuka tu, kaning'ang'ania goti. Torsten kaomba likizo kwenye karakana ya tramu—nusu ya mafundi wanaumwa, hakuna likizo. Mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa nyonga wiki ijayo. Basi.

Bi Kretzschmar kapiga tena. Kuna kijana wa Nairobi, mwanafunzi wa chuo, yuko tayari kulichukua darasa. Nisijisikie vibaya, ni mambo ya kawaida. Anataka jibu Ijumaa. Sauti tamu, utadhani anaagiza maua.

Sokoni nimekutana na Bwana Wieland, mwanafunzi wangu wa zamani, mstaafu, anataka kwenda kumtembelea binti yake Dodoma. "Mwalimu! Mlete mtoto darasani. Nusu yetu ni mababu, tutambeba kwa zamu." Nusura nimkumbatie. Nikampigia Bi Kretzschmar palepale, kwenye viazi. Haiwezekani. Bima ya shule haimhusu mtoto. Nchi hii hata huruma inataka bima!

Ijumaa, 22 Septemba

Nimejibu: nakuja.

Heike anasema ni mapema mno. Jumatatu alitaka tujaribu kidogo tu, si kipindi kizima. "Akilia, mimi ndiye nitakayebaki naye."

"Najua. Ndiyo maana namwacha kwako."

Alikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Kisha akasema basi, nimuage. Na nikishamuaga niondoke. Nisirudi kuchungulia dirishani, maana hilo ni baya kuliko yote.

Sikulala mchana wala sikupika. Tumekula mkate na jibini.

Jumapili, 24 Septemba

Tumefanya mazoezi nyumbani. Namuaga Zuhura, natoka, nasimama ngazini, narudi. Ndani Torsten kamshika, kilio juu. Bi Rösler wa ghorofa ya chini kapanda na kandambili zake.

"Umejifungia nje?"

"Hapana, najifunza kutoka."

"Jifunze kesho. Leo ni Jumapili, watu wamepumzika."

Mara ya mwisho kilio kilipungua. Au masikio yangu ndiyo yamezoea. Sijui.

Jumatatu, 25 Septemba

Naandika hapa koridoni kituoni, koti la Zuhura magotini.

Asubuhi nilichuchumaa, nikamshika mashavu. Mama anakwenda kufundisha. Ukishakula, mama atakuja. Akanikaba shingo kwa mikono yote miwili. Heike alimbandua kidole kimoja kimoja. Nikaenda. Dirishani sikuchungulia. Kwenye tramu mama mmoja alinipa karatasi ya kufutia machozi, hata hakuuliza.

Darasani nilisimama mbele ya ubao, salamu yenyewe nimeisahau. Bwana Wieland akasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Mzee mzima, mwenye wajukuu, ananiamkia mimi! Nilicheka mpaka nikalia, wao wakadhani ni kicheko tu. Halafu nikafundisha. Jamani, nilifundisha! Chaki mpaka kwenye nyusi.

Nimerudi mbio. Heike kanipokea mlangoni. Alilia sana, kasema. Sana. Kisha akanyamaza, kisha akala viazi.

Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Zuhura akaniona. Akageuka, akaendelea kupanga vipande vyake vya mbao.

"Usimfuate," Heike kasema polepole. "Leo ni yeye atakayeamua. Mngoje."

Basi nangoja. Mlango uko wazi. Wenzake wamepelekwa kulala, wamebaki wawili tu mle ndani, yeye na Heike aliyekaa zuliani. Mnara umeanguka, anaujenga tena. Kanitupia jicho mara moja, haraka. Najua unaniona, mwanangu. Nipo.

Ameinuka. Anakuja huku—

Hapana. Kafika mlangoni, kanitazama, karudi. Kaenda kwa Heike, kapanda mapajani, kaficha uso shingoni kwake. Heike ananiangalia, mikono yake iko hewani, hajui amkumbatie au anirudishie.

Nimemwashiria kwa kichwa: mshike.