Puring ya Njano Chini ya Dirisha

Karangwuni,
Tarehe nne Ramadhani

Kwa Kaka Parlan,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba saumu haikulemei huko kwenye mashamba ya michikichi. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini fimbo bado anaikataa. Anasema fimbo ni ya wazee. Mimi ni mzima wa afya. Ukiniuliza zaidi ya hapo, sisikii njaa hata saa ya kufuturu, wala huzuni siisikii. Nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako hukatikakatika, na Mama huketi ubavuni kwangu kila ninapozungumza nawe. Haya nitakayosema sitaki ayasikie kabla hujayasoma wewe.

Nianze na tuta la maua. Ulipotuarifu kwamba umeagiza jiwe la kaburi la Baba, lisimamishwe siku ya elfu moja tangu afariki kama ilivyo ada yetu, Mama alisema wageni wa dua hawawezi kupita kwenye uwanja mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Akataka tuta chini ya dirisha. Maua hakuyataka, maana hudondoka na yeye ndiye afagiaye. Alitaka vichaka vya majani ya rangi, vya kupendeza masika na kiangazi. Kazi ya kuchagua akanipa mimi.

Nilikwenda kwa Bu Murwani, muuza miche wa njia panda. Mara ya kwanza nilirudi na andong, majani yake rangi ya damu ya mzee. Mama akasema zikae nyuma kwa kuwa ni ndefu. Mara ya pili nikaleta miana za zambarau zenye ukingo wa kijani. Akasema zikae mbele, ingawa zitakunywa maji kuliko ng'ombe. Katikati akataka puring. Hapo mama mdogo Ngatinah, aliyekuwa akimenya vitunguu barazani na hakuna aliyemuuliza, akadakia kwamba puring ni mti wa makaburini, au tunataka wageni wasome Yasini papo hapo mlangoni, wasiingie hata ndani? Mama akamjibu kwamba siku hizi hata ofisi ya wilaya imepanda puring, na kama humo mna maiti, basi ni maiti wenye mihuri. Walicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo yangu.

Taabu ni kwamba Mama hakutaka puring yoyote tu. Nilimletea ya majani membamba, ya majani yaliyojisokota, ya wekundu wa karibu na weusi. Zote akazikataa. Alitaka ya majani mapana ya njano yenye mishipa myekundu, kama ile ya kaburini kwa Baba. Bu Murwani alisema aina hiyo haipati tena, akanitania nikamuombe marehemu tawi moja.

Basi nikaenda. Ilikuwa wiki moja kabla ya siku ya kijiji kusafisha makaburi. Nilikusudia kukata tawi, lakini tawi lingechukua miezi kushika mizizi, na siku ya elfu haikuwa mbali. Nikaona ni rahisi kung'oa kichaka kizima. Nilikichimba, Kaka. Sikusema hata bismillahi. Mahali pake nikachomeka kijiti cha andong ili pasipotee, nikarudi nyumbani nikakipanda kichaka chini ya dirisha. Kimeshika vizuri. Mama hukimwagilia kila asubuhi na kukiamkia kama vile Baba amerudi kutoka kondeni. Anaamini nilikipata kwa Bu Murwani.

Siku ya usafi sikwenda makaburini, nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tukipika vitumbua vya sadaka. Wanaume walifyeka magugu yote, wakasawazisha udongo, wakachoma na vigingi vya mbao vya majina vilivyooza. Kijiti changu nacho walikiona gugu.

Unakumbuka Baba alizikwa mwaka ule wa maradhi, wiki moja na mstari mmoja na wapangaji wawili wa kutoka mbali ambao jamaa zao hawajafika mpaka leo. Wewe hukuruhusiwa kusafiri. Waliomzika walikuwa watu tusiowajua, wamevaa nyeupe kutoka utosini hadi nyayoni. Mimi na Mama tulisimamishwa kule kwenye mianzi. Baadaye mzee Karso, mlinzi wa makaburi, ndiye aliyemwonyesha Mama mahali, naye akapanda ile puring. Mzee Karso alifariki mwaka jana. Mama magoti hayamfikishi huko tena.

Sasa kuna matuta matatu yanayofanana, na sijui Baba yuko kwenye lipi. Nimempoteza, Kaka. Nimempoteza kwa ajili ya pambo.

Fundi wa jiwe atakuja siku ya tano baada ya Idi, na mimi ndiye atakayemuuliza pa kuliweka. Naweza kuonyesha lolote na hakuna mtu duniani atakayejua. Nimeliwaza hilo siku nyingi, hata nilishachagua la katikati. Alhamisi ya mwisho ya Shaabani nilikwenda na maua, nikanyunyiza kwenye yote matatu. Kwenye la tatu nikakaa chini, nikalia, mara ya kwanza tangu Baba afariki, mpaka mtandio ukalowa. Sijui niliyemlilia ni nani. Nilipoinuka nilikuwa mkavu tena kama zamani.

Uje kabla ya fundi, nakusihi. Tumwambie Mama sisi wawili, kisha tuamue. Peke yangu sitaweza. Nitanyoosha kidole tu.

Mama mdogo anakusalimu na kuuliza kama bado unakoroma. Mama naye anakusalimu sana. Amesema ukifika usivue viatu kwanza. Atakushika mkono akupeleke chini ya dirisha, uone puring yake ilivyofanana na ile ya Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Winarsih