Kamba Niliyoiloweka Mwenyewe

Shoga, nimeaibika. Ule uvumi kwamba mwenye duka la vifaa vya mlimani anakodisha kamba mbovu ulinikaa rohoni kama mwiba. Na binti yangu, kitindamimba, ndiye anayewapandisha wageni jabalini kwa kamba zake.

Leo asubuhi nikamfuata dukani. Wageni wamejaa wanajaribu viatu. Nikamwambia, "Wewe unataka kuniulia mtoto?"

Akanitolea kamba aliyoirudisha binti yangu jana. Imepauka, imekakamaa kama ukuni. "Mama, hii ilitoka hapa mpya, nyekundu. Nani kailoweka kwenye dawa ya madoa?"

Nani kailoweka. Mimi, shoga. Ilikuja na matope wiki iliyopita, nikasema nimsaidie mtoto. Nikaichovya beseni moja na mashuka yenye dawa, nikaifunga uani juani siku mbili, nikaanikia na mashuka hayo.

Mwenye duka akasema, "Majirani waliiona huko uani kwako imepauka, ndipo wakaanza kunisema." Yaani uvumi ulionikosesha usingizi ulitoka kwenye kamba yangu ya nguo.

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Mama, nilidhani imepaushwa na jua tu. Jana nimening'inia kwenye hiyo." Bora angenigombeza.

Mtoto wako naye anapanda Jumamosi, kwa hiyo nisikilize:

Usiloweke kamba yake kwenye dawa yoyote.
Usiianike juani.
Usianikie nguo.
Akija nayo na matope, usiiguse, muulize kwanza.
Na usiende kumfokea mtu kabla hujachungulia beseni lako.