Machweo ya Daktari Kihara

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo saiba, hapa ninapochapia watu karatasi, imepata mteja wa ajabu. Dkt. Ephantus Kihara, yule mzee wa koti la kahawia anayekaa zile nyumba mpya za Lanet. Anafundisha historia chuo kikuu. Ameniletea karatasi kumi na nne za mkono — maisha yake yote ya kazi — anataka nizichape.

Kazi yenyewe sasa! Miaka thelathini na moja anasoma habari za watawa wa Ulaya walioishi karne nane zilizopita, vile walihesabu nyota wajue saa ya kuamka kusali. Mimi niliacha shule Form Two na saa ya kuamka naijua. Simu inalia.

Nikamuuliza hao watawa wanasaidia nani hapa Lanet. Akasema watu hudhani dini na sayansi zimepigana tangu zamani, na yeye ameonyesha kwamba hao watawa hawakuona ugomvi wowote. Nikasema, sasa mzee, kama hawakugombana, miaka thelathini na moja umekuwa ukiamulia nani? Akacheka kidogo. 

Ameomba uprofesa mara tatu, amenyimwa mara tatu. Mkuu wa idara, mtu anaitwa Khisa, alimwambia mbele ya wenzake kwamba watawa hawajawahi kulisha Mkenya. Kamati inakaa tena Jumatatu ijayo. Mwakani anastaafu. Ni sasa ama basi.

Nimemwambia atulie, amefika kwa fundi.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi zake ni kavu kama githeri ya boarding. Alichapisha hiki, alihudhuria kile. Nani atashikwa na roho akisoma hii?

Mimi ndio mkali wa programu za mazishi kutoka hapa mpaka Subukia. Nimechapa wafu zaidi ya mia mbili na hakuna hata mmoja amerudi kulalamika. Kwa hivyo nimefungua faili ya mzee mmoja wa Subukia, ya wiki jana, nikamtoa, nikamwingiza Daktari. Maua pembeni. Njiwa wawili juu. Picha katikati. "Mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa..." Mwisho nikaweka: "Aliwapenda watawa kwa moyo wake wote." Hiyo ni yangu.

Chelangat, mwenye saiba, amechungulia, akauliza njiwa ni wa nini. Nikamwambia, si ni mambo ya dini? Akasema, wewe Zeddy siku moja utanifungisha duka.

Jumatano, 5 Machi

Daktari amekuja bila miwani. Nimemsomea kwa sauti. Nilipomaliza akasema hakuna mtu amewahi kumweleza hivyo. Tumetuma kwa ofisi ya kamati saa nne.

Kazi safi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hii nikiwa kando ya Daktari, hapa saiba.

Stima upande wao ilipotea juzi jioni. Asubuhi ameleta simu nimchajie. Ilipowaka ikaanza kutetemeka mezani kama mashine ya kinyozi. Nikaangalia. "Pumzika kwa amani, Daktari." Jumbe za hivyo ziko zaidi ya sitini. Karani wa kamati alisambaza ile karatasi kwa grupu ya WhatsApp ya walimu jana.

Nikafungua faili. Chini ya picha: Mawio 1961. Hiyo nilibadilisha. Machweo 22 Februari 2025. Hiyo ni siku ya kufa ya mzee wa Subukia.

Wafu mia mbili, na leo mmoja amerudi.

Nimemwambia yote, kwa sauti ndogo, nikangoja kofi. Akavaa miwani, akasoma. Mwalimu mmoja ameandika kwamba kitabu chake cha kalenda za watawa ndicho kilimwingiza kwa historia. "Huyu," Daktari akasema, "hajawahi kunisalimia hata kwenye ngazi." Mwingine ameandika kumnyima uprofesa ni aibu ya chuo kizima. Hiyo ameisoma mara mbili.

Bibi yake, Mama Kui, ameingia akihema. "Baba Kui, watu wa kwenu wako kwa geti na sufuria mbili. Wanauliza mwili uko wapi."

"Waambie wapike chai."

Mama Kui amemwangalia, halafu akaniangalia mimi. Mimi nimeangalia kibodi.

Nikasema, Daktari, wacha niandikie grupu uko hai, lawama ni ya saiba. Akanishika mkono. Ana nguvu, huyu mtu wa vitabu.

"Ngoja, kijana. Khisa bado hajasema."

Juu ya simu imetokea: Khisa anaandika.

"Akishanisifu mbele yao wote," Daktari ananong'ona, "Jumatatu kwa kamati atanigeukia na uso gani?"

Imepotea. 

Chelangat anaita, kuna watu wa kutoa nakala. Hakuna anayegeuka, hata Mama Kui, ambaye amevuta kiti.

Khisa anaandika.

Imepotea tena.

Anaandika —