Nimempima Baba Bila Kumtazama

Mwenzangu, uko wapi?

Si unajua zile sare sabini za shule zinatakiwa kesho? Tangu asubuhi nimeinamia cherehani, wateja wamejaa benchini, naita tu, "Anayefuata!"

Akasimama mzee mmoja. Nikamzungushia futi bila kuinua macho. Inchi ishirini na nane. Nikamtania, "Mzee, kiuno hiki cha mtoto wa shule!"

Akasema, "Mwanangu, ni mimi."

Baba! Baba yangu mzazi! Nimempima baba bila kumtazama usoni!

Kumbe amekaa foleni saa mbili nzima. "Simu hupokei, nikaona nije kama mteja." Na mwaka jana nilimshonea suruali ya kiuno inchi thelathini na sita!

Nikamuuliza, "Unaumwa tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuniambia utanipigia baadaye."

Nimefunga duka palepale. Mwalimu mkuu anapiga simu mfululizo, nimemwambia watoto wavae za zamani.

Tuko hospitali. Ameingia kwa daktari, hataki niingie naye. Mlangoni aligeuka, akasema: "Lakini usiondoke."

Siondoki. Ila njoo, tafadhali. Hata kukaa nimeshindwa.