Wakwe Wawili Katika Kayaki Moja

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kabla ya yote, niambie magoti yako yanasemaje sasa mvua zimeanza Butembo. Na ile familia iliyokimbia Kanyabayonga, uliyoipa nyumba ya nyuma, watoto wamepata shule? Maharagi ya Kasugho yanafika sokoni, au barabara bado inasumbua? Sisi huku Kanada tuko wazima. Mimi nakohoa asubuhi, lakini nikishakunywa chai kikohozi kinaniacha.

Najua unachosubiri. Unasubiri neno la Muzee Paluku, yule mfanyabiashara wa huko kwenu, ambaye kijana wake Kakule, aliye huku kwetu, anataka kumwoa binti yangu Kahindo. Alipofika kututembelea alisema wazi kwamba atatazama kwanza, ndipo ajibu. Alikuwa amesikia kuwa watu wakikaa ugenini wanasahau adabu, na hakutaka kijana wake aoe katika nyumba ya namna hiyo. Siku zote hizo Kahindo hakula vizuri.

Basi watoto hao wawili wakafikiri kwamba tukienda porini sote wanne, wazee tutazoeana. Hapa watu wenye nyumba na vitanda huenda kulala msituni kwa hiari yao. Hutia hema na chakula katika mfuko mkubwa wa mgongoni, hutembea siku nzima, na wakifika ziwani hupanda kayaki. Nikueleze: kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki. Unakaa chini, miguu umeinyoosha mbele, na kasia lina bapa huku na huku, kwa hiyo unapiga kuume, unapiga kushoto, bila kubadilisha mkono.

Kutembea kulikwenda vizuri. Mabega yalipomuuma, Muzee Paluku alifunga mkanda kwenye mfuko wake, akaupitisha kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba mihogo.

"Kwetu bangenicheka," alisema, "lakini hapa iko miti tu." Akatuacha nyuma sote.

Shida ilikuwa ziwani. Watoto walikuwa na kayaki zao za mtu mmoja mmoja. Sisi wazee, tusiojua kuogelea, walitukodishia moja pana, ya wazi, ambayo haipinduki ovyo. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine.

"Mwalimu, kaa mbele," akaniambia Muzee Paluku.

"Hapana, muzee. Nitakupatia mugongo namna gani? Kaa weye mbele."

"Na mimi nikupatie ya kwangu? Mukwe? Ao adabu niliiacha mu ndege?"

Tulibishana hivyo kwa upole mpaka Kahindo akachoka. "Papa, basi tutalala hapa?"

"Muko babili tu kwa ziwa muzima," Kakule akaongeza. "Nani atabaona?"

"Weye," baba yake akamjibu.

Mwishowe Muzee Paluku akapata dawa. Akaketi mbele, lakini akinitazama mimi, magoti yetu yakigusana. Unaweza kukisia kilichotokea: mimi nikipiga kwenda, yeye akipiga kurudi, na kayaki ikazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Watoto walificha nyuso.

"Mwalimu, ile mti nimeiona mara ngapi?"

"Sijahesabu, muzee. Inatuzoea."

Kisha upepo ukaanza, mawimbi yakatupiga ubavuni. Tukajivuta hadi kwenye jiwe pana karibu na ukingo. Muzee Paluku akashuka, akasimama akitazama ng'ambo, tulikopaswa kulala.

"Ungekaa mbele tangu mwanzo," akasema, "tungekuwa tumefika."

"Ningekaa mbele, ungesema Kahindo hana malezi."

Akacheka polepole. "Ningesema."

Akarudi ndani ya kayaki, na safari hii akaketi akitazama maji, mgongo wake kwangu. Kasia lilibaki magotini mwangu.

"Mutu hapana patia mukwe mugongo," akasema bila kugeuka. "Anapatia ndugu. Piga, Mwalimu."

Nikapiga. Yaya, tulikwenda vizuri, mimi nyuma ya yule mzee mwenye mabega mapana aliyenikinga upepo wote.

Tulipofika ng'ambo, Kakule alivuta kayaki mchangani akauliza kwa sauti ndogo: "Papa, Mwalimu utamujibu lini?"

"Nimevuka ziwa muzima mbele yake, na weye unaniuliza lini?"

Kwa hiyo wazee wa upande wao watakuja kwako kabla ya Noeli, kwa kuwa wewe ndiye shangazi, na bila wewe mlango haufunguki. Mimi sitaweza kusafiri mwaka huu. Neno langu ni ndiyo. Liseme wewe, kwa sauti yako, wakiwa wameshaketi.

Mpe heri shemeji yangu, na mdogo wetu Mbusa wa Beni na kakao yake, na mjomba wa Alimbongo mwenye ng'ombe, na katekista aliyekuwa mwanafunzi wangu.

Ndimi mdogo wako, mwenye mikono inayouma na moyo mweupe,

Kambale