Mkono wa Shujaa wa Njano

Nerima, Tokyo
22 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Nobuaki,

Hujambo wewe, na wifi yangu Lorena hajambo? Kile kikohozi chake kimepona, au bado anabishana na daktari? Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza, na Mama ameshavaa kizibao chake cha pamba ambacho hatakivua mpaka Aprili.

Kifurushi chako kilifika Jumamosi. Asante kwa kahawa. Asante pia kwa kanda ya video.

Uliandika kwamba watoto wa huko Amerika wamepagawa na kipindi cha mashujaa watano wa rangi. Sura ni za Waamerika, ulisema, lakini wakishavaa kofia na kuanza kupigana, picha ni zile zile zilizopigwa huku Japani, na unamwona shemeji yako akiigiza. Tulicheka sana. Jumapili baada ya chakula nikamsogeza Tokuji na kiti chake cha magurudumu mbele ya televisheni. Kweli bwana! Msichana mrefu wa Kiamerika anapiga kelele, anageuka Shujaa wa Njano, na kufumba na kufumbua ndani ya vazi ni mume wangu, na mapaja yake yale yale, anatembea kwa madaha kunishinda mimi.

"Tazama nyonga hizo," Tokuji akasema. "Miaka sita nimezifanyia mazoezi, na wewe kazi yako kunicheka."

Sikuwa nimemsikia akitania hivyo tangu aanguke.

Halafu wakaingia machimbo ya mawe. Ukingo ule niliujua. Ndipo aliporuka Septemba ya mwaka jana, baruti ikalipuka kabla ya wakati wake, mgongo ukavunjika. Yeye mwenyewe hakumbuki chochote, na kwa heshima yake picha zile hazikuonyeshwa huku. Kumbe kampuni iliwauzia Waamerika furushi zima, masalio na yote!

Nikarukia kitufe nizime. Tokuji akafoka, "Acha! Acha nione!"

Akaanguka, Nobuaki. Akalala kwenye vumbi. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka, wima kabisa.

Wewe hujui maana yake. Ndani ya zile kofia waigizaji hawasikiani, kwa hiyo anayeanguka akiinua mkono anasema: mzima mimi, endeleeni kupiga picha. Asipouinua, wote wanamkimbilia. Huuinua hata kabla hawajajua kama wameumia. Ni mazoea tu, kama sisi tunavyomwinamia mtu kwenye simu na hali hatuoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kuroiwa, mkubwa wake aliyesimamia mapigano siku ile, aliiambia kampuni kwa mdomo na kwa maandishi kwamba hakuna mkono ulioinuliwa. Alisema alimwona Tokuji amelala kimya, na bado hakusimamisha kamera, dakika mbili nzima. Kosa ni langu, akasema. Wakamfukuza kazi, na sisi tukamchukia. Alipokuja na machungwa, mimi dada yako ndiye niliyemfungia mlango, nikamwaga chumvi kizingitini nyuma ya visigino vyake kama ninayefukuza mkosi. Nilifanya hivyo mara nne!

Na mkono uliinuka. Umo kwenye kanda yako, na sauti ya huyo msichana wa Kiamerika imewekwa juu yake, eti anawaita wenzake wamfuate. Watoto wa nchi nzima wameuona ushahidi ule wakila vitafunio, wala hakuna hata mmoja anayejua alichokiona.

Tokuji aliirudisha nyuma kanda mara tatu. Kisha akasema, "Nipe simu." Akampigia Kuroiwa. Nikabandika sikio langu karibu na lake, aibu nikaiweka kando.

"Kaka, ulidanganya."

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona mkono wangu."

Kuroiwa akajibu, kama mtu aliyeulizwa bei ya dagaa, "Sasa ningesemaje? Wangejua uliuinua, wangesema ulijitangaza mzima, umejiponza mwenyewe, na matibabu yako yangelipwa na nani? Mimi miguu ninayo. Kazi nyingine ningepata."

"Nimekutukana mwaka mzima, mpumbavu wewe!"

"Nimesikia. Una matusi mazuri."

Nobuaki, nilikaa chini sakafuni. Nilidhani namjua mtu mbaya yukoje. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Jana alikuja. Nilipiga magoti mlangoni, paji la uso sakafuni. Akasema, "Shemeji, inuka, utashikwa na mafua. Taulo ziko wapi?" Akambeba Tokuji mgongoni hadi bafu la umma la mtaani, ambako mume wangu alikataa kukanyaga tangu aumie, kwa kuona haya watu wasiitazame miguu yake. Niliwasikia wakibishana njia nzima, kila mmoja akimwita mwenzake mzito. Niliingia ndani nikalia kwa sauti, majirani wasikie wasisikie.

Nisalimie Lorena sana. Mama anakusalimu, na shangazi Fusako anauliza lini mtamletea mjukuu. Mababu zetu wakutazame kwa jicho jema huko ugenini, na njia zako ziwe nyeupe. Tokuji anakusalimu. Kaka Kuroiwa naye anakusalimu, leo amekuja tena, yuko jikoni sasa hivi anauunguza wali wangu, na sitamwambia neno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kipimo,
Sumie